Ngitili ya Uwanja wa Ndege

Hapa bwenini wananicheka kwa sababu nikisikia mlio wa ndege nasimama, hata kama nina kijiko mdomoni. Si kwamba nataka kuiona. Ni mwili tu, umezoea kwenda kutoa ng'ombe.

Kwetu Bariadi uwanja wa ndege ulikuwa ngitili. Serikali iliuchonga zamani, zikatua ndege chache za wakubwa, kisha zikaacha kuja, na majani hayakusubiri barua ya mtu. Guku, yaani babu yangu mzaa baba, pamoja na majirani wakaufunga kama tunavyofunga malisho yoyote: mvua zote asiingie mnyama, ili kiangazi kikishakausha kila kitu ng'ombe wapate pa kushika. Mimi nimezaliwa nikaukuta hivyo. Kwenye mlingoti wa kuonyesha upepo tulikuwa tunafungia ndama.

Halafu ikaja ruksa. Pamba, ambayo tangu zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake, ikaruhusiwa kununuliwa na mtu yeyote mwenye mizani. Na watu binafsi wakaruhusiwa kurusha ndege za abiria. Kampuni moja ya ndege ndogo ikaanza kuleta wanunuzi wa pamba kutoka Mwanza kila Jumamosi ya msimu, pamoja na yeyote mwenye nauli. Rubani wake alikuwa mwanamke, Msukuma kama sisi.

Umaarufu wake ulitutoa watu akili. Redio ilimhoji, na kesho yake hapakuwa na mtu ambaye hakumfahamu. Watu wa Sapiwi walisema ni wa kwao, watu wa Maswa wakaapa ni mtoto wa Sola, na hakuna aliyekubali kushindwa. Kinyozi wa sokoni alimchora ukutani na kofia yake, masikio makubwa kama ya punda. Kalenda ya kampuni yenye picha yake iligombaniwa. Mimi niliambulia karatasi moja, nikafunikia daftari la fizikia. Mwalimu wa fizikia mwenyewe hatukuwa naye.

Kabla ndege ya kwanza haijatua, halmashauri ilipokuja kufyeka uwanja, guku aliwakuta na mapanga yao.

"Mnafyeka chakula?" akawauliza. "Leteni ndege yenu. Ng'ombe watafyeka."

Wakakubaliana hivyo. Ng'ombe wetu wale mpaka majani yawe mafupi, ila Jumamosi ndege ikizunguka mara moja juu ya nyumba zetu, awepo mtu wa kuwatoa mbio. Siku nyingine guku alikaa nao mwenyewe, maana kukaa na ng'ombe hakuhitaji goti. Kuwakimbiza kunahitaji, na lake la kulia lilikuwa bovu. Baba na kaka zangu wawili walikuwa Geita kwenye dhahabu. Nikabaki mimi, msichana wa Kidato cha Pili.

Shuleni wakanipa jina, Rubani wa Ng'ombe. "Rubani, jana umetua zizini salama?" Mimi hata nikiitwa kwenye mahudhurio huinua mkono badala ya kuitika.

Ambalo hawakulijua ni kwamba nilikuwa nimepata nafasi ya kuhamia shule ya bweni ya wasichana Shinyanga, yenye maabara na mwalimu wa fizikia. Mama alishakubali. Neno la mwisho lilikuwa la guku.

"Guku, mkuu wa shule anasubiri jibu."

"Nani atatoa ng'ombe?"

"Tutatafuta mtu."

"Mtu gani? Yule wa kwenye redio?"

Basi nikabaki nazunguka na wazo moja. Kama guku angemsikia yule mama kwa mdomo wake, akimwambia kwamba msichana akisoma fizikia hapotei, angelegea. Nilipanga maneno ya kumwomba. Lakini ndege ilipotua, yeye alishukia upande wa mjini, na mimi nilikuwa ncha ya pili ya uwanja nimezuia ng'ombe. Kofia yake niliiona ndogo kama punje ya choroko. Jumamosi ikapita, na nyingine. Usingizi ukawa wa vipande, nikila sishibi, nikisoma mstari mmoja nausoma tena.

Msimu ulipokaribia kwisha mkuu wa shule alitangaza kuwa tutampokea rubani kwa heshima, na risala ya Kiingereza nitaisoma mimi kwa kuwa insha zangu ni nzuri. Guku alisema ng'ombe atawatoa mwenyewe siku hiyo. "Goti halijafa," alisema.

Tukapangwa mstari, sare zimepigwa pasi ya mkaa. Karatasi ya risala ililowa jasho mkononi mwangu. Ndege ikaja, ikazunguka mara moja. Kule mbali nikaona fimbo ya guku ikipanda na kushuka, na ng'ombe wametawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Dume letu jeusi lilisimama katikati, limetulia kabisa. Ndege ikashuka, ikaghairi, ikapanda tena.

"Mzee yule vipi?" mtu akauliza. "Ng'ombe wa nani hao?"

"Wa Rubani," alisema mwenzangu wa darasa, na mstari mzima ukacheka.

Nikampa yeye ile risala, nikakimbia.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia kwa ajili ya guku, au kwa ajili ya waliokuwa angani. Nilikimbia kwa ajili yao, ndiyo. Lakini pia nilikimbia kwa sababu mtu anayeswaga ng'ombe haombwi kusema Kiingereza.

Mluzi wangu wanaujua. Nilipiga, wakaanza kujivuta pembeni, dume la mwisho. Ndege ikatua, ikaja ikinguruma mpaka ncha yetu, kisha ikageuka taratibu mbele yangu. Vumbi lilipopungua nikamwona nyuma ya kioo. Hakufanana na kalenda. Alikuwa mtu mzima, amechoka, jasho kwenye paji la uso. Nikapiga goti kama tunavyowaamkia wakubwa, nikasema, "Mwadila, mayu," yaani shikamoo, mama. Injini ikaimeza salamu yangu. Maneno yote niliyopanga yalibaki na mimi.

Hakunitazama mimi kwanza. Aliwatazama ng'ombe, polepole, midomo ikicheza. Kisha akanitazama, akainua mkono, akaondoka kwenda kusomewa risala.

Guku akanifikia akichechemea.

"Umeona?"

"Nini, guku?"

"Amewahesabu."

"Labda alikuwa anaangalia kama njia iko wazi."

"Mayu, anayeangalia njia anaangalia njia. Yule ameanza na madume, akaja majike, ndama mwisho. Huyo amechunga." Akacheka peke yake, kama mtu aliyempata ndugu mnadani.

Mpaka leo sijui kama aliona sawa. Kesho yake asubuhi, nikimshikia ndama ili akamue, alisema bila kuinua uso, "Kumbe mtu anaweza kupanda huko juu akabaki na macho ya kwetu." Kibuyu kikaendelea kujaa. "Mwambie mkuu wa shule aandike. Tutamchukua mtoto wa shangazi yako wa Shishiyu. Ila ngitili ikifunguliwa, uwepo."

Likizo ya katikati ya mwaka nilikuwepo. Kampuni ilikuwa imeacha kuja Bariadi. Wanunuzi wa pamba sasa wana magari, na yeye, wanasema, amepewa ndege kubwa zaidi. Kinyozi amemchora mchezaji wa mpira juu yake, ila masikio ni yale yale. Majani ya uwanja yalinifika kiunoni.

Tulifungua, ng'ombe wakaingia. Nilikuwa nimekaa na guku nikimweleza habari za maabara, maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia, uliposikika mlio juu kabisa, mwembamba. Nilishasimama kabla sijajua. Nikapiga mluzi. Ng'ombe wote wakainua vichwa, wakaanza kusogea pembeni.

"Waache wale, mayu," alisema guku. "Hiyo inakwenda kwingine."

Akanivuta sketi nikae. Nikakaa, lakini kwa tako moja tu.