Shabu Isiyoyeyuka

Leo shangazi yangu kaniharibia somo zima bila hata kutia mguu shuleni.

Nafundisha jiografia, na somo la leo lilikuwa kutambua madini. Nina kipande changu cha kwatzi, kijiwe cheupe kinachopitisha mwanga. Juzi nilikiosha nikakiacha dirishani bafuni kikauke.

Kosa langu hilo.

"Msiamini macho," nawaambia wanafunzi. "Kwatzi ni ngumu, hukwaruza kioo. Na haiyeyuki majini."

Nikakwaruza kioo. Hata alama!

Nikakaza mkono. Jiwe likamong'onyoka.

Nikalitia majini, likaanza kuyeyuka huku darasa zima linatazama.

Msichana wa mbele akachovya kidole, akaonja, akakunja uso. "Mwalimu, si shabu hii? Ile ya kupaka kwapani?"

Kicheko walichokiangua kimesikika hadi kwa mwalimu mkuu.

Nimefika nyumbani Bondeni nafoka. Shangazi wala hana habari.

"Shabu yako ile? Mwanangu, walikupunja! Naisugua kwapani, haishiki, yanikwaruza tu. Jana nimempelekea mwenye duka, nikamgombeza mpaka akanibadilishia, nikakuwekea nzuri palepale dirishani. Hata ahsante huniambii?"

Nimesema ahsante. Ningesema nini, na ni dadake baba?

Kisha mbio dukani. Mwenye duka ananiambia, bila haya, kwamba lile jiwe kashaliuza.

Sasa jamani, nyote mnaosoma imeli hii: nani kwenu kanunua shabu isiyoyeyuka? Msiitupe. Ikwaruzeni kwenye kioo. Ikiacha mchoro, ni yangu.

Na ioshwe kwanza, tafadhali.