Jicho la Pili la Mzee Okumu

Priscilla Okumu si mtu wa kujishusha, na wanaomjua hawamtarajii ajishushe. Mgeni akiingia katika kanisa lao la Kikopti, lile la Wakristo wa asili ya Misri, pale Peckham, Uingereza, ajue hatoki bila kutembezwa. Ataonyeshwa kwamba madhabahu iko mashariki, na kwamba walioununua mjengo huo kwa Waingereza walilazimika kugeuza viti vyote. Ataonyeshwa yai la mbuni linaloning'inia mbele ya patakatifu, aambiwe kuwa mbuni habandui macho kwenye yai lake, na Mungu naye ndivyo anavyotulinda. Kisha atasimamishwa mbele ya kiambaza cha mbao kinachotenga patakatifu na waumini, afundishwe mpangilio wa picha takatifu, zile ikona: Kristo kulia kwa mlango wa katikati, Bikira Maria kushoto, na juu yao mitume, sita huku na sita huku. Katikati kabisa, juu ya mlango, kuna Karamu ya Mwisho.

"Hiyo," Priscilla husema, akijikohoza kidogo, "ni mkono wangu."

Na ana haki ya kujikohoza. Ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao, kuwaosha, kuwalisha na kuvumilia chai yao isiyo na sukari. Kwa miaka minne, kila Jumatano ambayo si zamu yake, alipanda treni hadi Harrow kwa Ustadh Nadim, mfamasia mstaafu kutoka Misri, akajifunza kulainisha ubao kwa chokaa na kuchanganya rangi na kiini cha yai. Mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchora hata pua. Alipaka mandharinyuma tu, na alinung'unika sana, lakini alirudi kila Jumatano.

Ikona yake nusura isitundikwe. Kamati ya kanisa ilikuwa imeagiza picha ya kuchapwa kutoka Cairo, nzuri, yenye kung'aa, nayo ilikuwa imelala stoo ndani ya kasha lake. Walikubali kumpa Priscilla nafasi kwa sababu Abuna, kasisi wao, aliwasihi. Askofu angekuja Jumapili kuziweka ikona wakfu kwa mafuta matakatifu ya meroni, na ikona ikishapakwa meroni, brashi haiigusi tena.

Alhamisi wakaipandisha mahali pake. Watu wakapiga makofi, mwenyekiti wa kamati akiwemo. Walipoondoka, Priscilla akaketi upande wa kulia, wanakokaa wanawake, ajionee kazi yake kwa raha. Akatazama. Akahesabu. Akahesabu tena, jicho kwa jicho.

Katika uchoraji wa Kikopti mtakatifu hukutazama kwa macho yote mawili, makubwa, wazi. Anayechorwa kwa upande, jicho moja tu likionekana, ni mwovu. Ndiyo maana katika Karamu ya Mwisho Yuda peke yake ndiye hupewa jicho moja. Lakini pale juu wenye jicho moja walikuwa wawili. Wa pili alikuwa mtume wa nne kutoka kushoto, na uso ule ulikuwa wa baba yake.

Hilo hakuwa amemwambia mtu. Mzee Okumu alikuwa seremala kule Maseno. Yeye ndiye aliyekitengeneza kiambaza cha kanisa lao dogo la kijijini, akabandika juu yake picha zilizokatwa kwenye kalenda, kwa kuwa ikona za kweli hazikuwepo. Alifariki bila kuona hata moja. Priscilla alitaka awepo hapa, hata kama ni yeye tu atakayejua. Ila picha ya mzee ilikuwa moja, imepigwa kwa upande. Jicho lake la kushoto lilitobolewa na msumari uliomrukia akiwa kazini, miaka miwili kabla Priscilla hajazaliwa, na tangu hapo kila alipoona kamera aligeuza uso. Priscilla aliunakili uso ule kwa mapenzi mengi hadi akasahau somo la kwanza kabisa alilofundishwa. Macho ya Ustadh Nadim nayo yana ukungu siku hizi, hakugundua. Basi binti akawa amemketisha baba yake mezani na Yuda, wakilingana. Priscilla alilia, na hakuona haya kulia.

"Mum, honestly, nobody looks up there," alisema Marion, bintiye wa miaka kumi na tisa, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hakijibu.

"Mimi naangalia," Priscilla akasema.

Angeweza kunyamaza, maana meroni ingefunga mjadala. Badala yake alimpigia Abuna simu na kusema kosa lake waziwazi, jambo ambalo kwake ni gumu kuliko zamu mbili mfululizo.

Abuna akashusha pumzi. "Tasoni Priscilla," alisema, akimwita dada kwa desturi yao, "nitakungoja hadi Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Ikipita hapo, tutafungua kasha la Cairo."

Ustadh Nadim yeye, alipoelezwa, alifoka kidogo. "Mtume si baba wa mtu," alisema. Kisha akatulia. "Lakini mtume huyu alikuwa na macho mawili. Mpe."

Ijumaa ubao ukashushwa, akaurudisha nyumbani. Jumamosi Priscilla alifunga bila kula tangu asubuhi, kama wachoraji wa ikona wafanyavyo siku ya kuchora macho. Akaukwangua uso ule kwa wembe hadi kwenye chokaa, akauchora upya ukiwa umeelekea mbele. Jicho la kulia lilikuja bila shida. La kushoto likamkwamisha. Alichokijua yeye upande ule ni kope iliyofumba, na kovu. Saa nane ikafika, saa tisa ikafika, brashi imekauka mkononi.

"Marion," aliita. "Njoo uketi hapa. Nitazame."

Marion akaja, akaweka simu chini, akaketi kwenye kiti cha jikoni akimtazama mama yake kwa saa nzima bila kulalamika hata mara moja, huku jicho lake la kushoto likihamia ubaoni. Saa kumi na moja na nusu walishuka wote wawili kwenye teksi mbele ya kanisa, wakiubeba ubao kama mgonjwa.

Jumapili askofu alichovya kidole gumba katika meroni, akaweka alama ya msalaba kwenye kila ikona. Alipofika juu ya mlango ilibidi apande ngazi. Priscilla alisimama upande wa wanawake, kifua mbele, na yeyote aliyetaka kumwita mwenye majivuno angemwita tu.

Alipotoka akamtumia mama yake kule Maseno picha, bila neno la ziada. Jibu lilikuja kwa sauti, katika Kiswahili chao cha nyumbani, maana mama ni Mluhya na marehemu alikuwa Mjaluo. Priscilla alilisikiliza kwenye kituo cha basi, Marion akiwa ameegemea bega lake.

"Nimemwona, wa nne kutoka kushoto," mama alisema. "Hivyo ndivyo alivyonitazama siku tulipooana. Wewe, mwanangu, ulimwonea wapi?"