Baiskeli Ukutani

Juzi mjukuu wangu alikuwa anapaka chokaa ukuta wa uani hapa Temeke. Ile harufu iliponifikia nikalazimika kuketi. Ungenicheka, rafiki yangu. Mtu mzima na mvi zangu, nimerudi kuwa mtoto wa miaka minane mwenye brashi ya makumbi ya nazi mkononi na kosa kubwa mbele yangu.

Enzi hizo za Mwingereza, bibi yangu aliuza vitumbua na chai ya tangawizi. Wateja wake wengi walikuwa wapagazi wa bandarini, waliopita alfajiri kwa miguu wakienda kazini. Walikula kwanza, kulipa baadaye. "Nichoree, bibi," walisema, kisha hao, wanafuta mafuta midomoni. Bibi hakujua kusoma. Alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa uani: huyu kofia, yule fundi cherehani mkasi, na yule mwingine baiskeli kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa nayo. Chini ya kila picha aliweka mistari, mmoja kwa kila kitumbua. Ya mwenye baiskeli ilikaribia sakafuni. Siku zote alisema atalipa Jumamosi.

Pesa ya gauni langu la shule ilikuwa ndani ya mistari ile. Bila gauni mwalimu asingenipokea, na shule ilikuwa inafunguliwa baada ya Idi ya kuchinja.

Siku tatu kabla ya sikukuu, bibi yuko sokoni, nikaona nimfurahishe. Majirani wote walikuwa wanapaka chokaa nyumba zao, nami nikapaka. Nilianza na ukuta wa uani kwa sababu ndio uliokuwa mchafu zaidi.

Bibi aliporudi hakunipiga. Aliketi juu ya kinu akautazama ule weupe, na hilo liliniuma kuliko bakora. Nililia mpaka kwikwi.

Asubuhi, kila mteja aliyefika alipewa kipande cha mkaa.

"Mjukuu wangu amefuta," bibi aliwaambia. "Kila mtu achore lake."

Wangeweza kukana. Badala yake wakainama mmoja mmoja, wanaume wazima na ndevu zao, wakachora. Mwenye kofia alimaliza, akasimama, akakuna kichwa, akarudi kuongeza miwili. Fundi cherehani alipohesabu yake aliniita, akanipima mabega kwa kamba, na kitambaa akatoa mwenyewe. Siku shule ilipofunguliwa nilikuwa mstari wa mbele, gauni linanukia upya. Sijapata kujiona mzuri kama siku ile.

Mwenye baiskeli hakutokea, asubuhi ile wala nyingine yoyote. Nilimlaani kweli kweli. Bibi aliokota mkaa, akamchorea baiskeli yake palepale, bila mstari hata mmoja.

"Idadi ataijaza mwenyewe akija," alisema.

Kila Idi nilipopaka chokaa, aliniagiza niizunguke picha ile.

Bibi hayupo sasa. Ukuta ule wa udongo tuliubomoa tukajenga wa matofali, na duka la jirani lina kibao cha kukataa mkopo. Simlaumu mwenye duka. Lakini asubuhi nikisikia kengele ya baiskeli nje huinua kichwa, na kabla sijajicheka, nakuwa nimeshatazama kama chai imebaki.