Goti Lililotolewa Ushuhuda

Mjukuu wangu alikuwa na shingo ya fahali, na sioni haya kusema hivyo, maana shingo hiyo niliilisha mimi. Nilifika Marekani nimembeba mgongoni. Mama yake, binti yangu, alikuwa ametangulia, anafanya kazi ya kuogesha na kugeuza wazee wa watu kule Silver Spring. Yeye alitafuta mkate, mimi nikalea. Ugali, maharagwe, maziwa. Tulipohamia Bowie, kwenye nyumba yenye ngazi, kijana alikuwa hapiti mlangoni bila kuinama.

Mimi ndiye niliyemwita bwana wangu, kama nyanya yeyote wa kwetu anavyomwita mjukuu wa kiume. "Bwana wangu, umeamkaje?" Naye ananijibu, "Mzima, mke wangu." Hayo maneno mawili matatu ndiyo Kiswahili alichokubali kukitoa mdomoni. Mengine yote aliyasikia, akajibu kwa Kiingereza. Hapa maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu ni cha dukani.

Mpira wa huku si mpira. Ni wanaume waliovaa helmeti wakigongana kama kondoo dume. Mara ya kwanza kumwona akicheza nilimwuliza binti yangu, "Refa amelala? Mbona anaacha watoto wapigane?" Lakini kijana alikuwa hodari, na mimi nikajifunza kupiga kelele na wenzangu. Nilikuwa nikienda uwanjani na blanketi na chupa ya chai, na wazazi Wamarekani wakanizoea, wakawa wanauliza yule bibi wa chai yuko wapi.

Alipomaliza chuo hakuchaguliwa siku ya gulio, ile siku timu kubwa zinapochagua vijana mmoja mmoja kwenye televisheni. Timu ya jimbo jingine ikampigia simu baadaye, ikamwambia njoo ujaribu. Akatia saini. Tulichinja mbuzi tuliyemfuata kwa mfugaji huko mashambani, na majirani Wamarekani wakaja kuchungulia moshi.

Jioni ile alinielezea mkataba wake jikoni, huku akitafuna mfupa.

"Mkataba una bei mbili, Nyanya. Bei moja nikiwa nimesimama. Nikiumia wakaniweka kwenye orodha ya majeruhi, bei inashuka."

"Kama ng'ombe."

"Kama ng'ombe. Halafu kuna kikomo. Kila timu ina sufuria yake, na zote zina ukubwa mmoja. Mishahara ya wachezaji wote lazima iingie humo. Huruhusiwi kuongeza hata kijiko."

"Na aliyeumia?"

"Anahesabiwa vilevile. Hachezi, lakini chakula chake kimo ndani ya sufuria."

"Basi hao hawawezi kupenda mgonjwa."

Akacheka. "Hawampendi. Lakini hawawezi kumfukuza hivi hivi. Ukiumia kazini kwao, wakulipe mpaka upone, au mwelewane wakupe mshahara wa majuma kadhaa uende zako. Wakikuona umepona, hapo ndipo wanaweza kukutoa bure."

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini hilo nilielewa upesi, maana kwetu tuna sheria ya fahali wa kuazima. Ukimchukua fahali wa jirani akulimie shamba, akivunjika mguu kwenye mtaro wako, ni wako. Utamlisha mpaka asimame. Humrudishi usiku ukamfunga kwenye boma la mwenyewe, ukasema nilimwacha mzima. Kuna mtu wa kijiji chetu alifanya hivyo, na mpaka leo watoto wake wanatajwa kwa jambo hilo.

Goti liliumia Agosti, mazoezini. Jitu lilimwangukia ubavuni mguu ukiwa umekanyaga. Daktari wa timu akasema wangoje waone. Wakangoja majuma. Kisha ikakaribia ile siku ambayo timu zote lazima zipunguze watu, na kijana akapewa siku mbili aje nyumbani, akirudi apimwe. Alishuka garini mbele ya nyumba akishika mlango kwa mikono miwili.

Jumapili tukaenda ibada. Wakati ule tulikuwa tunakodi ukumbi wa kanisa la Wazungu Silver Spring, wao wakimaliza asubuhi sisi tunaingia mchana, Wakenya, Watanzania, na Wakongo wenye kuimba vizuri kutushinda wote. Kwenye ibada ile kulikuwa na desturi. Ukishaombewa, husemi tena unaumwa. Ukisema, umemrudishia shetani ufunguo. Kuna mama alikaa na jino bovu mwaka mzima akitabasamu.

Mchungaji akampaka mafuta gotini, akamshika, akaomba mpaka shati likalowa. Halafu akasema, "Ruka!"

Kijana akaruka.

"Ruka tena! Mwaibishe daktari!"

Akaruka tena. Ukumbi ukalipuka vigelegele. Mimi nilikuwa kiti cha mbele na sikupiga kigelegele, kwa sababu sikuangalia goti, niliangalia mdomo. Tangu utotoni akiumia huuma mdomo wa chini upande wa kushoto. Aliuma mpaka ukawa mweupe. Mama yake akanyakua kipaza sauti. "Bwana asifiwe! Mwanangu aliletwa hapa kiwete, na sasa mmemwona wenyewe!" Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, siwezi kumnyima hilo. Ametafuta mkate peke yake, bila mume. Alitaka kitu kimoja kiwe rahisi.

Garini nikamwuliza, "Bwana wangu, hilo goti?"

Akamtazama mama yake aliyeshika usukani. "Zuri, Nyanya."

Tulipofika nyumbani alipanda ngazi kwa mikono, kama mtoto anayetambaa, akidhani niko jikoni.

Nikamwambia binti yangu, "Huyu hajapona. Asiende kuwaambia wale watu kwamba amepona."

"Mama, tafadhali. Usiharibu imani ya mtoto."

"Sigusi imani. Nasema juu ya goti."

"Ni kitu kimoja."

Jumatatu akarudi kambini. Jumanne daktari wa timu akamwambia achuchumae, asimame, akimbie mbele na nyuma. Kisha akamwuliza, unasikia maumivu? Naye, mtoto aliyeruka mbele ya madhabahu, aliyetolewa ushuhuda na mama yake machozi yakimtoka, angejibu nini? Akasema hapana. Akaulizwa mara ya pili. Hapana.

Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamemtoa. Si kwenye orodha ya majeruhi. Wamemtoa kama mzima asiyehitajika, na sufuria yao ikabaki na nafasi ya mtu mwingine. Sitaki kuambiwa daktari yule hakuona. Mimi nimeona kwa kutazama mdomo tu, na yeye ana mashine. Alisikia neno alilotaka kusikia, akafunga faili kabla neno halijageuka.

Kijana alirudi na viatu vyake kwenye mfuko mweusi wa takataka. Kambi nzima ya matajiri, na wakakosa begi la kumpa.

Wakala wake, yule mtu wa kumsemea kwa timu, akapiga simu. Anaongea kama bisi zikipasuka kwenye mafuta. Binti yangu akaiweka simu mezani sote tusikie, na kwa uso wake nilijua kabla hajatafsiri.

"Anasema bado anaweza kulalamika," binti yangu akasema taratibu. "Kuna daktari asiye wa timu atakayempima. Akikuta goti liliharibika kazini na lilikuwa halijapona siku ile, watamlipa. Lakini siku za kulalamika ni chache. Na lazima aseme mwenyewe kwamba lilikuwa linauma."

"Aseme basi," nikasema.

Kijana akatikisa kichwa. "Nilishasema nimepona. Nilisema mbele ya watu wote. Mama alisema."

"Na mimi sitamtuma mwanangu," binti yangu akasema, "akatangaze kwamba Mungu hakumponya."

"Mungu hakuulizwa na daktari yule! Aliulizwa huyu!"

"Mama, wewe huelewi mambo ya roho."

"Naelewa ya mtaro na fahali. Wamemfunga kwetu usiku."

Binti yangu akazima simu. Siku zilizofuata kijana alikaa chumbani. Siku zake za kulalamika zilikuwa zinapita, na sisi watatu tunakula kwa zamu ili tusikutane mezani.

Jumapili iliyofuata, mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Nikasimama. Binti yangu akanivuta sketi. Nikaivuta nami. Nilivaa kitambaa changu kizuri, cha kwenda harusini, maana nilijua nitatazamwa.

"Wapendwa," nikasema, "mimi ni nyanya yake yule kijana. Ninamwamini Mungu tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mjukuu wangu hajapona."

Mtu wa kinanda aliyekuwa ananigongea taratibu akaacha.

"Anapanda ngazi kwa mikono. Mlimwambia aruke, akaruka, kwa sababu ana adabu. Mimi ndiye niliyempa adabu hiyo. Kisha wenye mpira wakamwuliza, akawajibu kama alivyowajibu ninyi, wakamtupa. Mungu akitaka kumponya, njia anaijua. Lakini mwacheni mtoto aseme anaumwa. Nimemaliza."

Mchungaji akasema, "Ee, tuimbe." Hakuna aliyejua waimbe nini. Mwanamke mmoja Mkongo nyuma ndiye aliyeanza, wimbo wa polepole, wa msibani.

Niligeuka nikamwona bwana wangu. Alikuwa amesimama pamoja na wote, kama desturi wakati wa wimbo. Akaketi. Peke yake katika ukumbi mzima, aliketi, akanyoosha mguu ule kwenye njia kati ya viti, akaukandakanda kwa mikono yake mikubwa mbele ya kila mtu.

Kesho yake alimpigia wakala. Daktari mwingine akampima, akasema kano imechanika tangu siku ya kwanza, mtu hafai kukimbia hata nyuma ya basi. Timu ikavutana kidogo, ikisema kijana mwenyewe alitamka kwamba yuko salama, halafu wakaelewana: mishahara ya majuma machache, ile ya bei ya chini. Pesa hizo zikaishia kwenye upasuaji. Goti halikurudi lilivyokuwa, na hakuna timu nyingine iliyopiga simu.

Watu huniambia, nyanya, si mlishinda? Tulishinda nini? Nilituma fahali, nikarudishiwa kamba. Vuli ikija, jirani yetu hutundika bendera ya timu yake, na ananipungia mkono kwa furaha, na mimi nampungia kwa sababu ni jirani. Televisheni ikionyesha mchezaji amelala uwanjani na wenzake wamepiga goti kumzunguka, watazamaji hupiga makofi anapobebwa. Mimi sipigi. Najua huko ofisini kuna mtu ameshaanza kutazama ndani ya sufuria.

Binti yangu alihamia ibada nyingine huko Greenbelt. Hatujawahi kulizungumza. Ananiletea dawa yangu ya presha, anauliza kama nimekula, anaondoka.

Kijana anafanya kazi ghalani, anaendesha mashine ya kubeba mizigo, kazi ya kuketi. Asubuhi namsikia kwenye ngazi, mguu mmoja mzito, mwingine unaburuta. Nangoja mpaka afike chini.

"Bwana wangu, umeamkaje?"

Zamani angesema mzima. Siku hizi anashika nguzo ya ngazi, anapumua kwanza.

"Linauma, mke wangu."

"Sema tena," namwambia, na namwekea chai.