Jamaa ya Watu Wawili

Mwanangu aliumia miaka ile ya ruksa, maduka ya Kibiti yalipojaa tena sabuni na vitenge, na wanunuzi wa kamba walipoanza kuteremka delta na masanduku yao ya barafu. Kabla ya hapo kamba tuliwakausha tukawala wenyewe, au tukawauza kidogo kidogo gulioni. Ghafla wakawa mali. Vijana wakaacha majembe. Mwanangu naye akaniaga asubuhi moja, amevaa jinzi ya mtumba iliyomzidi kiuno, ameifunga kwa kamba ya katani. Akaniambia, "Baba, nikirudi tunaezua haya makuti. Tunaweka bati."

Tulikuwa tunaishi wawili tu. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na dada yake ameolewa Mbagala. Kijiji chetu kiko upande wa kuteremkia delta, na kufika Kibiti kwa miguu kunakumalizia asubuhi yako. Alikuwa mcheshi mwanangu. Alipika vizuri kunishinda, na alipokuwa akikuna nazi alizoea kuwaigiza wazee wa kijiji mmoja mmoja, namna wanavyokohoa na namna wanavyotembea, mpaka nacheka najisahau.

Msimu wa pili wa kazi ile, gari la kamba lilikuwa linatoka Nyamisati, mvua imenyesha, yeye amekaa juu ya masanduku na wenzake. Gari likateleza, likalala ubavu. Wenzake waliangukia tope. Yeye aliangukia kisiki.

Nilimkuta hospitali ya misheni kule Mchukwi, kichwa kimefungwa bendeji, amelala usingizi usiokuwa wa kawaida. Nguo zake zilikuwa bado zinanuka kamba. Nilikaa chini kando ya kitanda siku zile zote, na siku aliyofumbua macho nilimshukuru kila mtu niliyemwona, hata mfagiaji. Lakini daktari alinitoa nje, akaniambia taratibu, "Mzee, mfupa utaunga. Ubongo ndio umeumia. Atatembea, nadhani. Ila usitegemee kumpata yule uliyemzoea."

Niliitikia tu. Moyoni niliona kwamba daktari hamjui mwanangu.

Tulipomrudisha nyumbani watu walijaa. Walileta kuku, walileta mihogo, wengine walilia. Jamaa zangu wa Kimatumbi walishuka kutoka milimani, wakasema hili si jambo la hospitali, wakanipeleka kwa waganga. Nilikwenda kwa wote waliotajwa. Mwanangu alichanjwa, alifukizwa, alioshwa majani, na alirudi vilevile.

Alitembea, kweli, akiuburuta mguu wa kulia, na mkono wa kulia ukajikunja kifuani. Maneno yalimpotea. Alibaki na machache, na jina langu halikuwamo. Mimi aliniita "mjomba." Dada yake alipokuja kutoka Mbagala alimwita "mjomba." Mbuzi naye alikuwa "mjomba." Alikuwa anajiendea haja bila kujua. Akikasirika hutupa sahani, na dakika ile ile anacheka. Siku moja tulipokuwa mazishini alicheka mpaka akakaa chini, wakati maiti inateremshwa. Nilimshika mkono tukaondoka, na hakuna aliyetutazama.

Baada ya hapo watu walipungua. Siwezi kusema walitutupa. Kila mtu ana shughuli zake, na mgonjwa asiyepona huwachosha hata wanaompenda. Wazee niliokuwa nacheza nao bao walikuwa wanapita njiani wakisalimu kwa mbali, "Mgonjwa hajambo?" nami nikijibu, "Hajambo kidogo," wakaenda. Bao nikaacha kucheza, kwa sababu nikikaa kwenye bao yeye anakwenda zake, na kumpata ni kazi.

Kazi iliyonitesa kuliko zote ilikuwa kufua nguo zake. Kisimani kwetu ni mahali pa wanawake. Nilikuwa nafika na beseni langu, mazungumzo yanakatika. Wananipisha, wananiachia upande mmoja mpaka nimalize. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima mwenye wajukuu, alinifuata siku moja akasema, "Kaka, niletee hizo nguo nikufulie."

Nilimwambia, "Ahsante, dada. Nimeshazoea." Sikuwa nimezoea. Niliona aibu kumpa mwanamke wa watu uchafu wa mtu mzima. Nikaanza kwenda kisimani wakati wa jua kali, ambapo hakuna mtu.

Msikitini pia niliacha kwenda. Nisijipambe hapa: hata zamani nilikuwa naenda Ijumaa kwa sababu wanaume wote wanakwenda, na nilikuwa nasikiliza hotuba huku nawaza korosho. Sasa sikuwa na wa kumwachia kijana, na nilipojiuliza ningemwambia nini Mungu, sikuona neno. Msikiti wetu uko karibu, na adhana ilikuwa inanifikia barazani nilipoketi. Ilikuwa inanipita kama wito wa mtu mwingine.

Kisha ukaja msimu wa kuhamia bondeni. Kwetu mpunga hulimwa kule chini ambako maji ya mto hufika, na mpunga haulindwi kutoka nyumbani. Watu hufunga milango, hubeba sufuria, kuku na watoto, wakaishi kule kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakifukuza nguruwe na ndege mpaka mavuno. Nilimfikiria mwanangu na ngazi ya dungu, na mguu ule. Nilifikiria mto na mamba. Nikabaki.

Nilikuwa sijawahi kukiona kijiji kikiwa kitupu, kwa sababu miaka yote nilikuwa miongoni mwa wanaoondoka. Nyumba ya jirani waliegemeza gogo mlangoni. Majani yakaota katika njia ya kwenda kisimani. Mchana nilikuwa nasikia korosho kavu zikidondoka kwenye shamba la mtu aliye mbali. Nilianza kuzungumza peke yangu, na mwanangu alikuwa anajibu, "Mjomba," nami naendelea kana kwamba amenijibu jambo la maana.

Lakini adhana haikukatika. Kila wakati wake ilisikika, sauti kavu, isiyo na utamu wowote. Muadhini wetu hakuwa ameenda bondeni. Alikuwa na matende, mguu umevimba kama gunia dogo, na wanawe walimwacha nyumbani na akiba ya unga. Mimi na yeye hatukuwa marafiki. Alikuwa mtu wa kununa, na tuligombana miaka mingi kwa sababu ya mbuzi wangu na mihogo yake.

Adhuhuri moja alimaliza kuadhini, na baada ya muda nikamwona anakuja, anaegemea fimbo, anapumzika kila baada ya hatua chache. Nikadhani mbuzi wamekwenda tena kwake. Akasimama mbele ya baraza.

"Bwana we," akasema bila salamu, "hunisikii?"

"Nakusikia."

"Unanisikia, umekaa hapa, huji. Nikitoka pale mlangoni nakuona. Nilisema huyu ana kiburi."

"Sina wa kumwachia huyu," nikamwonyesha mwanangu, aliyekuwa amekaa chini anamwaga mchanga kutoka kiganja kimoja.

"Si ungesema."

"Ningemwambia nani?"

Aligeuka akaitazama nyumba ya jirani yenye gogo mlangoni, na nyumba ya pili, na ya tatu. Akashusha pumzi. "Mimi nimechoka kuwaita watu wasiokuwapo," akasema. "Naadhini, nakimu swala, naswali peke yangu. Haya, nipe maji na mkeka. Hata watu wawili ni swala ya jamaa."

Nikampa maji. Alilalamika kwamba kata inavuja, na kwamba mkeka una vumbi. Tukaswali barazani, yeye mbele kidogo, mimi nyuma yake kuume. Mwanangu alikuwa anapiga kelele wakati wote, "Mjomba! Mjomba!" na katika rakaa ya pili alikuja akaushika msuli aliojifunga muadhini kiunoni, akauvuta. Nilitaka kukata swala nimkamate. Yule mzee alishika msuli wake kwa mkono mmoja, akaendelea.

Tulipotoa salamu nilianza kuomba radhi. Akanikatiza. "Kwani alikuwa anakuita wewe? Alikuwa ananiita mimi." Kisha akamgeukia mwanangu, "Unasemaje, mpwa?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemwitikia tangu aumie. Mimi mwenyewe nilikuwa namsahihisha, "Mimi baba, siyo mjomba," mpaka nikachoka. Mwanangu alimtazama yule mzee muda mrefu, akacheka, akamwekea mchanga kiganjani.

Kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa. Anaadhini msikitini kwanza, kisha anajikokota mpaka kwangu. Nilimwambia aadhini hapahapa barazani aupumzishe mguu. Akakataa, akasema adhana ni ya kijiji. Baada ya swala tulikuwa tunakula mhogo wa kuchemsha. Mara nyingine alinung'unika juu ya mwanawe asiyemletea dawa. Mara nyingine aliniuliza mambo ya mwanangu alivyokuwa zamani, nami nikamweleza alivyokuwa akimwigiza yeye anavyokohoa. Alinuna. Kisha akasema, "Alikuwa akiniweza?" Nikasema, "Sana." Akacheka kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa katika mojawapo ya alasiri zile. Tulikuwa tumesujudu, na nilijikuta sitaki kuinua kichwa. Muadhini aliinuka, mimi nikabaki chini. Sikuomba mwanangu apone. Nilikuwa nimeomba hilo kwa waganga na kwa daktari mpaka maneno yakaisha. Nilisema kwa Kimatumbi, lugha aliyonilea nayo mama yangu, kwamba nimechoka. Basi. Na nilihisi kwamba nimesikiwa. Sijui kulieleza zaidi ya hivyo. Hakuna kilichobadilika, nilipoinuka mwanangu alikuwa amejikojolea, nikaenda kuteka maji. Lakini tangu siku ile sikuswali tena kwa kuwa wengine wanaswali.

Watu waliporudi na mavuno wakatukuta hivyo, wazee wawili na kijana kwenye baraza. Imamu akamwuliza muadhini kwa nini haonekani katika safu. Akamjibu mbele za watu, "Huyu hawezi kuja msikitini, na mimi nimeshamzoea. Mkitaka nirudi, mleteni na yeye."

Wakasema tuje. Ijumaa ya kwanza mwanangu alipiga kelele hotuba nzima, na mtu mmoja alisema wazi kwamba pale ni nyumba ya Mungu, siyo pahala pa vurugu. Nilianza kutoka. Jirani yangu, mume wa yule mama wa kisimani, akainuka akanifuata nje. "Rudi ndani," akaniambia. "Mimi leo nitakaa naye hapa. Nitaswali baadaye."

"Ijumaa yako itakupita."

"Rudi ndani, bwana. Wanakimu."

Nikasimama katika safu, bega kwa bega na watu, na sikusikia neno moja la imamu. Masikio yangu yalikuwa nje. Nilikuwa namsikia mwanangu akisema "mjomba," na sauti ya mtu ikiitika, "Naam, mpwa." Nilipopeleka kipaji cha uso chini, machozi yaliulowesha mkeka. Wenzangu wa pande zote mbili waliona.

Ikawa desturi. Kila Ijumaa mwanamume mmoja anabaki nje. Hakuna aliyepanga, wanatazamana tu, mmoja anavua kofia anakaa. Hata yule aliyelalamika alikaa, ingawa alikawia. Na mke wa jirani hakuniuliza tena kuhusu nguo. Alikuja siku moja akachukua beseni, akaondoka nalo, nami nikasimama pale mlangoni nikimwangalia mpaka akapotea. Msimu uliofuata walinilimia kipande bondeni pamoja na vyao, na mpunga wangu ulinifika nyumbani.

Hata hivyo sitaki mtu adhani kwamba nyumba yangu ilichangamka. Watu hukaa saa moja, kisha huenda kwao. Mwanangu nalala naye mimi, naamka naye mimi. Akipatwa na kifafa, kilichomwanza miaka ya baadaye, tuko wawili tu. Na kila mwaka kijiji kilihamia bondeni, nasi tukabaki, mimi na yeye na muadhini.

Kisha muadhini naye akaondoka. Wanawe walikuja kumchukua wakamtibu mguu Dar es Salaam. Alipandishwa kwenye lori, ananung'unika kwamba wamemkalisha vibaya. Aliniambia, "Chunga mbuzi zako." Huko aliugua homa, akazikwa hukohuko. Habari zilitufikia watu wakiwa mashambani. Nilimwambia mwanangu, "Mjomba wako amefariki." Akasema, "Mjomba," akaendelea kula. Msimu ule hakuna aliyeadhini, kwa sababu mimi sauti yangu haifiki mbali, na ningemwita nani?

Sasa mwanangu ana mvi. Mimi magoti yamechoka, na ninapomwogesha inabidi nikae kwenye kigoda. Dada yake anasema nikitangulia atamchukua Mbagala. Namwamini, ila namjua kaka yake: nyumba yenye uzio itamtia wazimu. Hilo ndilo ninalolizungumza na Mungu siku hizi, wala sijajibiwa. Leo asubuhi alikataa uji, akaumwaga, akakataa kuvaa shati. Jirani yangu alipita na jembe begani, akasimama uani akamwita, "Mpwa, hujambo?" Akaitika. Nikatumia nafasi hiyo kumvalisha shati, mkono mmoja kwanza, kisha ule uliojikunja.