Matundu Chini ya Bitana

Miaka ile ya elfu mbili na kidogo nilikuwa nashona kwenye kona ya duka la vitambaa, Ladypool Road, Birmingham. Kona yenyewe ilitosha cherehani, kiti na mimi, na mimi sikuwa mwembamba. Wateja waliniletea suruali za kupunguza na magauni ya harusi ya kupanua. Kwa hiyo bibi mmoja wa Kiingereza kutoka mtaa wa jirani wa Moseley alipoingia amekumbatia koti la manyoya meupe, niliiacha suruali ya mtu katikati.

Bitana ilikuwa imeoza, alitaka nitie mpya. Lakini kwanza aliniomba nimtazamie jambo. Baba yake alikuwa karani wa kampuni ya ngozi, kaskazini kabisa ya Kanada, na maisha yake yote alisimulia kwamba mbweha wa koti lile aliwapiga mwenyewe, kila mmoja kwa risasi moja, ili mchumba wake apate koti. Sasa mzee amefariki, na siku ya mazishi kaka yake bibi akatangaza kwamba baba hakuwahi kushika bunduki, koti alilinunua dukani.

"Nimeshazeeka," aliniambia, "na sijui kama nililelewa na mwongo. Wewe utaziona ngozi kwa ndani. Nitafutie matundu."

Hata asingeniomba ningetazama. Mimi nikiona kitu kimefunikwa situlii mpaka nikifunue.

Nyumbani mume wangu alinizuia mlangoni. "Hiyo nguo isiingie room ninayosalia. Mbweha huyo."

"Mbweha gani, ni koti."

"Basi mbweha wengi."

Nikalitandaza jikoni, nikafumua bitana. Kwa nje koti lilikuwa laini, halina doa. Kwa ndani lilikuwa kama shuka la mtu aliyefilisika. Ngozi nyingine zilikuwa na kiraka kipana kama kiganja, nyingine mpasuko ulioshonwa kwa mkono, nyingine kijitundu cha kufunikwa na ncha ya kidole, na nyingine hazikuwa na kitu. Kwanza nilifurahi, kisha nikashangaa. Kama ni mtu mmoja, mbona matundu hayafanani? Labda mzee alikusanya ngozi za wawindaji mbalimbali, na kaka mtu alisema kweli. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo.

Birmingham ina mtaa wa zamani wa mafundi wa bunduki, na siku zile walikuwa wamebaki wachache. Nikalitia koti kwenye mfuko wa sokoni, nikavaa baibui langu, nikaenda. Fundi alikuwa mzee mwenye aproni. Alinitazama, akautazama mfuko, akanitazama tena. Miaka ile mwanamke wa baibui mwenye mfuko mkubwa hakutazamwa kwa upole popote, sembuse pale. Nilikasirika, lakini hamu ya kujua ilizidi hasira.

"Sinunui bunduki," nilimwambia. "Nimekuja kuuliza habari za matundu."

Nilipolitandaza koti mezani alivaa miwani, akanisahau kabisa. Alianza na kiraka kipana. Akasema hiyo inafanana na kazi ya thri-o-thri, bunduki ya jeshi. Niliijua, kwetu Tanga polisi wa zamani waliibeba. "Kule wengi walikuwa nayo kwa ajili ya wanyama wakubwa. Mbweha ukimpiga nayo, unabaki na mkia."

Mpasuko alisema ni wa bunduki ya mtutu mwembamba zaidi lakini ya kasi mno, yenye risasi ya ncha laini. Inaingia kama sindano, inafunguka ndani, inatoka na ngozi. Na kile kijitundu ni twenti-tuu, ndogo kuliko zote, risasi inayopita bila kupasua. Manyoya ya msimu wa baridi ni mazito, yanalifunika tundu lake.

"Basi kwa nini asianze na hiyo ndogo?"

"Kwa sababu ni dhaifu, na baridi huizidishia udhaifu. Risasi unaziweka ndani ya shati zipate joto la mwili. Halafu lazima umsogelee mbweha asikusikie, ulale kwenye theluji, usubiri. Anayeanza hana subira hiyo. Anachukua bunduki kubwa apige kwa mbali."

"Na hizi zisizo na tundu?"

"Alimpiga kichwani, au alimtega. Ngozi haiwezi kuniambia."

Hapo tukaingia kwenye kazi yangu. Aliyeshona lile koti alizificha ngozi zenye viraka vipana makwapani na kwenye pindo, zenye vijitundu akaziweka mgongoni, na zile safi kifuani. Koti la dukani halishonwi hivyo. Ngozi iliyoharibika namna ile mshonaji huitupa, achukue nyingine. Huitumia tu pale mteja anapokuja nazo mwenyewe na kushikilia kwamba zote ziingie. Na karani wa ngozi, kama angenunua kwa wawindaji, angechagua nzima. Nayajua hayo, nimeshashonea watu vitambaa vya mama zao vilivyoliwa na nondo.

Nilimweleza fundi. Akavua miwani, akacheka. "Basi huyu alikuwa anajifunza."

Jioni mume wangu aliacha kula. "Umeenda gun shop? Na baibui? Mke wangu, uko serious?" Lakini nilipomsimulia yote, akawa na swali lake. "Sasa yule bibi utamwambia nini? Maana hiyo ya risasi moja moja ni uongo."

Hilo ndilo lililonikosesha raha. Ngozi ya kwapa la kushoto peke yake ilikuwa na viraka vitatu.

Bibi alirudi na kaka yake, mwanamume mrefu aliyekataa kiti. Niliwafunulia koti, nikawaambia kila kitu, na vile viraka vitatu sikuvificha. Kaka mtu alipitisha kidole juu ya kiraka kimoja, kisha cha pili, kisha akarudi kwenye kile cha kwanza. Nilimwonea huruma.

"Alikuwa hajui kupiga kabisa," alisema.

"Hajui," dada yake alijibu. "Lakini alipiga."

Bibi alifuta macho, akaniomba bitana mpya nisiishone upande wa kushoto, niitie vifungo, ili waweze kuifungua wakitaka. Nikatoa kopo langu la vifungo, nikalimwaga mezani. Kaka mtu ndiye aliyekaa kuchagua.