Fremu ya Bakari Ndani ya Mkeka Mpya

Nilitoka kwetu Bodo kwa sababu mume wangu, Bakari bin Juma, alikuwa ameandikisha jina lake aende Tanga kukata mkonge. Samaki aliowabeba begani mpaka Msambweni walifika wamelegea, hakuna awatakaye. Dawa yake ilikuwa baiskeli. Kaka yangu Hamisi alikuwa amempatia moja kuukuu huko Majengo, Mombasa, lakini kuipakia nzima kwenye basi ilikuwa sawa na kumlipia mtu mzima. Basi akaituma vipande vipande. Magurudumu yalitangulia kwa mashua iliyopeleka boriti mjini na kurudi tupu. Nahodha hakutaka kitu. Bakari akayatundika ukutani, na upepo ukipita yalizunguka taratibu, yenyewe, kama yana safari yao.

Fremu haikuja. Watu wakamtania: "Bwana Magurudumu, farasi yuko wapi?" Akachoka. Lori la Tanga lilikuwa limeahidiwa Alhamisi, adhuhuri. Nikapanda basi Jumanne kuifuata fremu, nimrudie kabla hajaondoka.

Majengo, Jumatano. Fundi Rashidi Kombo alinikalisha uani. "Mwanamisi, tazama vizuri, kesho na keshokutwa utafunga mwenyewe." Alifungua pedali na kiti, akageuza usukani ulale pamoja na fremu. Mnyororo aliupaka mafuta ya nazi, akaukunja ndani ya kitambaa. Nati zote akazifunga kwenye pindo la leso yangu. Kisha akachambua makumbi ya nazi, akajaza kila penye uwazi, chuma kisigonge chuma. Magunia hayakupatikana, hivyo wifi yangu Mwanasiti akatoa mkeka mpya. Rashidi akaukunja, akaufunga kwa kamba ya usumba wa nazi mahali patatu: juu, katikati na chini. Wifi akatandaza shuka jeupe juu yake, kwa ajili ya vumbi. Wallahi, hakuna aliyeona tulichokitengeneza.

Kivukoni, Alhamisi asubuhi. Hamali aliposhusha ule mzigo, mzee mmoja akasimama. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akasema. Watu wakapisha njia. Wanaume sita wakauchukua mabegani, wengine wakapokezana kutafuta thawabu, na mimi nikafuata nyuma na leso yangu yenye nati.

Ndani ya kivuko hakuna aliyezungumza. Maji yametulia kama mafuta bakulini. Nikaona kama nimelala macho wazi, na hao watu wanaopita ndotoni mwangu wananipenda bila kunijua. Yule mzee, jina lake Shee Mbwana, akaniinamia.

"Tunampeleka wapi, mwanangu?"

"Bodo."

"Kwa nani?"

"Kwa Bakari bin Juma."

Hakuuliza zaidi, mfiwa hahojiwi. Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini foleni ilikuwa imenifungukia, na mimi niliwaza lori la Tanga tu. Nikanyamaza.

Likoni. Dereva Mwinyihaji akaweka mzigo katikati ya basi, juu ya viti viwili. Nikatoa nauli yake. Akarudisha mkono nyuma. "Maiti halipi nauli, bibi." Mzee Shee akapanda gari dogo la mfanyabiashara, lililokuwa likiondoka upesi.

Njia ya kusini. Basi lilikwenda polepole kama linatembea kwa miguu. Minazi ilipita mmoja mmoja. Mama mmoja akanyunyiza marashi juu ya shuka. Harufu ya waridi ikachanganyika na mafuta ya mnyororo. Diani tulipita, jua likapanda, nami nikaanza kuungua moyoni.

"Dereva, tuharakishe kidogo."

"Bibi, marehemu hatikiswi."

Msambweni tukaingia adhuhuri imeshapita. Nilijua lori limekwenda, na Bakari ndani yake. Huruma ya watu ndiyo iliyonichelewesha.

Njia panda ya Bodo, alasiri. Alama za magurudumu ya lori zilikuwa mchangani, mpya. Nikajiambia: kwisha. Kisha nikainua macho, nikaona jeneza tupu, na waliolishika. Wa mbele ni Bakari.

Mzee Shee alikuwa ametangulia ili kaburi lichimbwe mapema. Nani atapanda lori la mkonge na maiti yuko njiani kuja kwake? Lori liliondoka bila yeye.

Furaha yangu haikuishi. Bakari alikuwa analia. "Ni Hamisi?" aliniuliza. "Niambie, Mwanamisi. Ni Hamisi?" Nyuma yake nikamwona mama yangu ameketi chini, mtandio kichwani, mikono imelala kama si yake.

"Hamisi mzima!" nikapiga kelele. "Mama, Hamisi mzima! Hii ni baiskeli!"

Nikakata kamba mwenyewe. Usukani ukatokeza kwenye makumbi. Watu wakaangua kicheko, isipokuwa mama. Aliinuka, akanipiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, akanikumbatia. "Umenizikia mwanangu yu hai," akasema.

Wazee hawakukubali kaburi lililochimbwa libaki wazi wala lifukiwe tupu. Walizika shina la mgomba. Magharibi ilipoadhiniwa, Bakari alikuwa ameshafunga magurudumu. Fremu haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Wiki ya pili yake nikarudi njia ile ile. Bakari alinipakia nyuma ya baiskeli mpaka Msambweni, nimtake radhi Mwinyihaji na kumpa nauli yake. Alicheka mpaka akaegemea basi. "Mimi nilibeba maiti, bibi. Akifufuka, hilo si shauri langu." Nauli akaikataa. Mzee Shee pia nilimwomba radhi. Alinisamehe, ila hakucheka.

Bakari hakwenda Tanga. Watu wengi wamenijia kuuliza jinsi ya kusafirisha baiskeli kwa bei nafuu, nami huwaambia kama Rashidi: fungua pedali, laza usukani, usionee choyo makumbi, tafuta chombo kinachorudi kitupu. Ila kamba ifunge mahali pawili au panne, si patatu kama sanda. Na ukiulizwa umebeba nini, jibu palepale, kabla mama yako hajaletewa habari.